PATO LA MATANGAZO NA HUKUMU YAKE



Tumeulizwa suala ambalo wazee wetu hawakuulizwa kwa namna hii. Je, yafaa sisi kuweka matangazo ya biashara katika waraka wetu huu na katika tovuti yake, ili lipatikane pato la kuuendesha? Na ikiwa yafaa, mpaka wake ni upi, na pato hilo lawezaje kuzidi pasina sisi kuingia katika haramu au katika jambo la aibu? Muulizaji ni kijana wetu aliyekabidhiwa kazi ya kuzitunza kurasa zetu katika intaneti, wala hakuuliza kwa kutaka kujua tu. Suala lilimtoka kwa uchungu, kwa sababu tutakayoieleza.

Haifichiki kwa yeyote kuwa kazi ya kueneza ilimu yataka fedha. Tangu Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, Mwenyezi Mungu amrehemu, alipotoa Sahifa mwaka 1930 na al-Islah mwaka 1932 katika mji wetu huu wa Mvita, wenye kushika kalamu hapa wajua ya kuwa karatasi na chapa hazipatikani kwa dua peke yake. Leo karatasi zimepungua, walakini gharama haikuondoka. Kuna ada ya kila mwaka ya jina la tovuti, kuna ada ya mahali inapowekwa, na kuna posho ya huyo kijana, naye ana mama na wadogo zake wanaomtazama. Mchango wa baada ya sala ya Ijumaa ulikuwa ukitosha zamani, sasa hautoshi.

Basi tulikubaliana tujaribu matangazo. Tukajiunga na mmoja katika mawakala wa matangazo ya intaneti, tukafungua mlango, tukakaa kungoja. Haukwisha mwezi, mama mmoja wa Kibokoni akaja darasani na simu mkononi, mwanawe nyuma yake. Alikuwa amefungua somo letu juu ya mali ya yatima. Katikati ya somo, baina ya maneno ya juu na maneno ya chini, palikuwa na picha ya mpira na mwito wa kumtaka msomaji abahatishe shilingi ishirini apate maelfu. Mama yule hakututukana. Alituuliza tu: "Masheikhe zangu, na hii pia ni sehemu ya darasa?"

Hatukuwa na la kumjibu. Kosa lilikuwa letu, kwani wakala alitupa mahali pa kuchagua aina za matangazo tusiyoyataka, nasi kwa haraka ya kupata hatukupatazama.

Usiku ule baada ya Isha maneno yakawa mengi. Mzee wetu mmoja alisema matangazo yote yafungwe, kwani ilimu haiuzwi pamoja na sabuni. Kijana mmoja akasema, kinyume chake, matangazo yaongezwe, yawekwe juu, chini na ubavuni, maadamu ya kamari yamezuiliwa. Kwani mwenye kukutafuta kwa ajili ya dini atastahamili. Sisi twaona wote wawili wamepitiliza, na hapa twaeleza kwa nini.

Kwanza, kutangaza bidhaa si bidaa iliyoletwa na simu. Mbiu ililia katika miji yetu kabla ya gazeti. Muuza kahawa apitaye Mji wa Kale jioni agonganisha vikombe vyake mkononi, na mlio ule ni tangazo. Hakuna aliyewahi kusema kuwa kahawa yake ni haramu kwa sababu ya mlio. Kanga zetu nazo hutangaza. Ile alama ya "Mali ya Abdulla", ambayo Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa huitia katika kanga zao, imewajulisha wanunuzi wa pwani nzima kitu gani wakitafute dukani, tena kwa upole, pembeni mwa nguo, pasipo kumkera mvaaji. Ni kweli wasema watu kuwa kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza. Lakini hata kizuri, kikiwa kimefichwa katika kichochoro kisichopitwa na mtu, chahitaji wa kukitaja.

Tazama sasa khabari iliyomo mwisho wa Sura ya Ijumaa. Wafasiri waeleza ya kuwa msafara wa biashara uliwasili Madina siku ya Ijumaa, wakati watu wamepatwa na njaa na bei za vyakula zimepanda, na Mtume, sala na salamu za Mwenyezi Mungu zimshukie, yu katika khutba. Ilikuwa desturi msafara ufikapo hupigiwa ngoma ili mji ujue. Watu wakatoka kuukimbilia, wakamwacha amesimama, wasibakie ila wachache. Katika riwaya mashuhuri ni kumi na wawili. Aya ikateremka ya kuwalaumu.

Wengi huisoma khabari hii kama lawama juu ya biashara. Sivyo. Aya iliyo kabla yake yaruhusu watu, sala ikisha, watawanyike wakatafute fadhila za Mola wao, na biashara ni katika hizo fadhila. Chakula cha msafara kilikuwa halali, na wenye njaa walikihitaji. Lililolaumiwa ni kuwa ule mwito uliwakuta watu katika jambo lililo kubwa kuliko wenyewe, ukawatoa. Kwa hivyo tangazo la kitu halali kabisa laweza kuwa baya kwa mahali lilipowekwa na kwa wakati lilipotokea.

Hii ndiyo sababu hatukukubali rai ya kijana wetu wa "juu, chini na ubavuni". Tangazo linaloruka likafunika uso wa simu wakati mtu yu katikati ya aya au dua, naye akihangaika kukitafuta kile kialama kidogo cha kulifunga, ni ngoma iliyopigwa ndani ya khutba. Kuna na jambo jingine ambalo aghlabu walio na tovuti hawalifikiri. Msomaji wetu wa Mji wa Kale hununua bando kwa shilingi zake. Tangazo zito lenye picha za kwenda mbio hula bando lile kabla somo halijafunguka. Basi yeye amelipia tangazo, nasi tumepokea fedha kwa ajili yake. Kumla mtu namna hiyo bila ya idhini yake, hata kama ni senti, hatuoni udhuru wake.

Tulilolipitisha ni kuwa pasiwe na tangazo ndani ya somo. Likae chini, somo likisha, na lisizidi mawili katika ukurasa. Kijana alituambia kwa adabu kuwa tutapoteza pato. Tukamwambia ndiyo, tutapoteza kiasi.

Sasa tuje kwenye kiini, yaani namna fedha hizi zinavyopatikana, kwani hukumu ya kitu hufuata kukijua. Ulimwenguni mna mawakala wengi, na mashuhuri wao ni AdSense ya Google, ulioanza mwaka 2003. Mtu akifungua ukurasa, katika muda usiofika hata kupepesa jicho, hufanywa mnada: wenye kutaka kutangaza hutoa bei, wa juu hushinda, na tangazo lake huonekana. Mwenye ukurasa hayupo katika mnada ule wala haulizwi nani ameshinda, ila alichokataza mapema. Kwa hesabu waliyoitangaza Google wenyewe mwaka 2023, mwenye ukurasa apata asilimia 80 ya kinachobaki baada ya wakala wa upande wa mnunuzi kuchukua ada yake, yaani kama asilimia 68 ya fedha yote aliyotoa mwenye kutangaza. Na hesabu ikawa ni kwa tangazo lililoonekana, si kwa lililobonyezwa kama zamani. Wala fedha hazitolewi mpaka zifike dola 100.

Mawakala wengine wangali wakilipa kwa kila mbonyezo. Malipo haya ya mbonyezo wanazuoni wa zama zetu waliyoyatazama huyapeleka katika mlango wa juala, yaani ujira wa mwenye kuleta tokeo fulani, na asili yake waitaja katika Sura ya Yusufu, pale mwenye kuleta kopo la mfalme alipoahidiwa shehena ya ngamia. Ama kukodisha nafasi kwa muda maalumu na kwa bei maalumu, huo ni mlango wa ijara, nao ni wazi zaidi, kwani pande zote mbili zajua zinachotoa na zinachopata.

Je, mwenye ukurasa aweza kusema, "Mimi nakodisha nafasi tu, kilichowekwa ndani si changu"? Hili ni neno la zamani lililovaa nguo mpya. Kuna mwenye nyumba aliyemkodishia mtu auzae ulevi, akasema yeye auza kodi, si ulevi. Imepokewa kutoka kwa Imamu Abu Hanifa ruhusa katika sura maalumu ya mas'ala hii, wanafunzi wake wawili, Abu Yusuf na Muhammad, wakamkhalifu; na kwetu sisi Mashafii wa pwani, kukodisha kwa ajili ya maasia hali ya kuwa wajua hakujuzu. Basi neno kubwa hapa ni kujua. Siku ya kwanza twaweza kudai hatukujua. Baada ya mama wa Kibokoni kuja na simu yake, udhuru huo umekwisha, na mwenye kuacha mlango wazi baada ya hapo amejua.

Na tusidhani kuwa jambo la kamari ni dogo, au ni la masheikhe peke yao. Tarehe 29 Aprili 2025 Bodi ya Kudhibiti na Kutoa Leseni za Kamari ya Kenya ilisimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30 katika vyombo vyote vya khabari, nayo ilikuwa ndiyo bodi iliyowapa leseni hao hao wenye kamari. Vijana wetu wawajua waliouza baiskeli ya nduguye mtu, na waliokopa katika simu ili walipe walichokopa jana. Mikopo hiyo ya simu nayo yajitangaza sana, na riba imo ndani yake imevishwa jina la ada. Sheria ya mwaka 2021 na kanuni za mwaka 2022 ziliwaweka wakopeshaji hao chini ya Benki Kuu ya Kenya, lakini leseni ya Benki Kuu haibadilishi riba kuwa biashara. Basi tumefunga milango ya kamari, ulevi, mikopo ya riba, na ya waganga wanaodai kurejesha mume kwa siku tatu, wale ambao karatasi zao zimejaa kwenye nguzo za umeme tangu Mwembe Tayari. Tukafunga pia ya dawa za kuchubua ngozi. Kijana wetu huyatazama yaliyoonekana kila Jumatatu na kila Alkhamisi, kwani mlango uliofungwa mara moja haukai umefungwa. Wenye kutangaza hubadili majina.

Tulidhani tumemaliza. Kumbe shida iliyo nzito zaidi haikuja kwa mashine; ilikuja kwa miguu yake, imevaa kanzu nyeupe.

Mfanyabiashara mmoja, mtu mwema na mwenye kutoa, alitujia na fedha zaidi ya tulizopata kwa wakala mwaka mzima. Auza asali na habasoda. Hakutaka tangazo. Alitaka somo: tuandike juu ya fadhila za habasoda, tutaje hadithi iliyo sahihi juu yake, kisha mwishoni tuseme kuwa iliyo safi yapatikana dukani kwake. Akasema, "Hakuna uwongo hapo. Hadithi ni sahihi, na bidhaa yangu ni safi."

Twakiri kuwa tuliyumba. Usiku ule wengine wetu waliona hakuna neno. Walakini tukikumbuka khabari ya Mtume, sala na salamu zimshukie, alipopita sokoni akatia mkono katika lundo la nafaka, akakuta chini kumerowa na juu kumekauka. Mwenye nafaka alisema mvua ndiyo iliyoirowesha. Hakuambiwa kuwa nafaka yake ni haramu. Aliulizwa kwa nini hakukiweka kilichorowa juu, watu wakakiona. Kisha ikaja ile kauli nzito juu ya mwenye kughushi. Na somo lililolipiwa, lisiloambiwa msomaji kuwa limelipiwa, ni lundo lililokauka juu. Msomaji adhani asikia sauti ya mwalimu wake, kumbe ni sauti ya duka. Hata kama kila neno ni kweli, kilichofichwa ni nani asemaye na kwa nini asema.

Tukamwambia tutampa nafasi ya tangazo, juu yake tuandike neno TANGAZO kwa herufi zisizojificha, na somo la habasoda tutaliandika siku nyingine bila ya duka. Hakupenda. Alisema tumemdhania vibaya, akaondoka na fedha zake, na mpaka leo salamu zake ni za mbali. Jambo hili latusikitisha, wala hatusemi kuwa tulilipwa badala yake. Mwezi ule posho ya kijana ilichelewa.

Kuna na kosa jingine ambalo lilifanywa na wapenzi wetu kwa nia njema. Baadhi ya wanafunzi wa chuo, wakijua kuwa twataka fedha, walikuwa wakikaa barazani wakibonyeza matangazo yetu kumi kumi, wakisema ni sadaka isiyowagharimu. Masikini, hawakujua. Fedha ile hutoka mfukoni mwa mwenye kutangaza, ambaye adhani amepata mnunuzi ilhali amepata mtoto wa chuo anayecheza na kidole. Ni ndugu wa najashi, yule aingiaye mnadani kupandisha bei naye hana haja ya kununua, tuliyekatazwa kuwa kama yeye. Hata wakala wenyewe hukataza jambo hili katika masharti yao, na hufunga hesabu ya mwenye kulifanya. Tumewakataza, tukamwandikia wakala khabari yake, akakata fedha za siku zile. Na ilikuwa haki akate.

Jambo la msomaji mwenyewe tutalipitia kwa ufupi, ijapokuwa si dogo. Mnada tulioueleza hutegemea kumjua afunguaye ukurasa: yuko mji gani, jana alisoma nini, alitafuta nini. Katika masomo yetu mna mas'ala ya edda, ya talaka, ya maradhi ya siri. Mwanamke asomaye hayo usiku peke yake hakutupa idhini ya kuwa nyayo zake zifuatwe, kesho matangazo yamwandame. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 31, yahifadhi faragha ya mtu, na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 yataka msomaji aambiwe kinachokusanywa juu yake na kwa ajili ya nini. Nasi kabla ya sheria hizo tulikatazwa kupelelezana katika Sura ya Hujurati. Kwa hivyo kurasa zote za mas'ala ya nyumbani tumeziondoa katika mikono ya wakala. Hazina tangazo la aina hiyo kabisa.

Msomaji atauliza: ikiwa mmefunga hiki na kile, pato litazidi kutoka wapi?

Litazidi kutoka mlangoni petu. Katika mnada wa ulimwengu, msomaji wa Mombasa bei yake ni ndogo. Muuza magari wa Ulaya hamhitaji, na bei hutofautiana sana kwa nchi ya msomaji. Lakini kwa mshoni wa kanzu wa Kuze, kwa muuza kanga na vikoi wa Biashara Street, kwa mwenye duka la vitabu, kwa mpishi wa biriani ya harusi, msomaji huyo huyo ndiye mteja mwenyewe, tena yu umbali wa kutembea kwa miguu. Nafasi ambayo wakala ailipia senti, jirani yetu ailipia shilingi, kwa kuwa yeye amjua atakayeiona. Wala hapana dalali wa katikati wa kukatwa ada. Na sisi twamjua yeye: twaweza kwenda dukani, kutia mkono katika lundo.

Masharti yetu ni haya. Nafasi yakodishwa kwa mwezi, bei ni moja kwa tajiri na kwa mwenye kibanda, na hulipwa kwa risiti. Mwenye kusafirisha mahujaji sharti atuonyeshe leseni yake ya mwaka huo kabla hatujamtangaza, kwani waliokwisha kupoteza fedha za Haji katika mji huu wajulikana. Hakuna kuapia bidhaa, kwa sababu kiapo huiuza na huondoa baraka yake, kama ilivyopokewa. Hakuna picha ya mtu asiyejua kuwa picha yake imetumika. Mwenye kutangaza hana neno juu ya tunachoandika. Tukiandika kesho juu ya mizani pungufu Marikiti, na muuza nafaka ana nafasi kwetu, somo litatoka vile vile. Na kodi hulipwa: Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 iliweka asilimia 5 ya kuzuiliwa juu ya malipo ya wakazi wachumao kwa kazi za mtandaoni, nasi hatuoni njia ya kuwafundisha watu uaminifu huku tukiikwepa.

Mzee wetu angali hajaridhika. Asema bora ni wakfu, chumba kimoja tu cha duka ambacho kodi yake ingetosha, kama walivyofanya wazee kwa mafuta ya taa za misikiti. Hatubishani naye, akipatikana mwenye kuwakifu, tutaondoa matangazo siku hiyo hiyo.

Ama zile fedha za mwezi wa kwanza, zilizoingia pamoja na tangazo la kamari, hatukuzila wala hatukuzirejesha kwa wenye kamari wakazidi nguvu. Tulizitoa kwa maslaha ya watu wote bila ya kuzihesabu sadaka yetu, kama wanazuoni walivyoelekeza kwa mali ya namna hiyo. Zimezibua mfereji wa maji machafu nyuma ya mtaa wetu, ule uliokuwa ukifurika kila masika.

Nafasi mbili za mwezi ujao ziko wazi. Mwenye kuzitaka na atuone darasani baada ya Alasiri, siku yoyote isiyokuwa Ijumaa, aje na bidhaa yake tuione. Hesabu ya mwaka mzima, ya yaliyoingia na yaliyotoka, itasomwa mbele ya watu wote mwisho wa mwezi, baada ya Isha, na mama wa Kibokoni tumemwalika.